Mbao na Udongo Kwenye Meza Moja: Tulivyoviunganisha

Mimi ni seremala, mwenzangu ni mfinyanzi. Tulipoanza kutengeneza fanicha pamoja, hatukubishana juu ya mtindo wala rangi. Tulibishana juu ya nani apime kwanza. Mimi nimezoea kuchora, kukata na kuunga, na kitu kikae palepale nilipotaka. Yeye kila nikimpa kipimo alicheka: "Fundi, hicho ni kipimo cha leo. Ngoja kitoke tanurini."

Udongo unaochomwa kwa joto kubwa, nyuzi joto 1,200 za Selsiasi na zaidi, husinyaa unapokauka, kisha husinyaa tena motoni. Tulikata vipande bapa vya udongo wetu, tukachora juu yake mstari wa milimita 100, tukavichoma na kupima upya: mstari ulibaki na 88. Kwa hiyo nikitaka mguu wa milimita 300, yeye huufinyanga kwa 341 hivi. Na bado miguu minne ya udongo uleule haitoki sawa. Mmoja hupungua zaidi, mwingine huinama kidogo. Kuchanganya vigae vilivyosagwa kwenye udongo kunasaidia, ila hakumalizi tatizo.

Basi tukaweka utaratibu ambao hatujaubadilisha hadi leo: udongo uchomwe kwanza, mbao ikatwe mwisho. Miguu ikishapoa naisimamisha juu ya ubao ulionyooka, napima mmoja mmoja, naiandika namba kwa penseli kwenye kitako, mahali pasipopakwa glezi, ule urojo unaoyeyuka tanurini na kuwa ngozi ya kung'aa kama kioo. (Pakipakwa, mguu hugandia kwenye rafu ya tanuri.) Kisha kila mguu nauchimbia kitundu chake chini ya meza. Uliopungua zaidi hupata kitundu kifupi, uliobaki mrefu hupata cha kina zaidi, na meza inakaa bila kuyumba. Namba 2 haiingii mahali pa namba 3. Ni kazi ya patasi na subira, na sijaona njia ya mkato.

Upande wangu nao una vituko vyake. Udongo ukishachomwa umetulia, mbao haitulii. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, hewa ikikauka inasinyaa, na karibu mchezo wote huo ni wa upana, kukatiza nyuzi za mbao. Kwa urefu hutaona kitu. Ubao mpana wa meza unaweza kuongezeka milimita kadhaa msimu wa unyevu, kisha ukasinyaa hewa ikikauka, na hapo sinia ya kauri uliyoizamisha katikati ndiyo huumia, kwa sababu mbao ikibana, kauri haina pa kwenda. Tunaacha nafasi ya milimita 2 au 3 pande zile mbao inakochezea, na sinia tunailaza juu ya vitone vya silikoni, ambayo hubaki laini.

Watu hutuuliza tunatumia gundi gani kwenye miguu. Hatutumii. Gundi inayokauka ikawa ngumu hulazimisha vitu viwili vyenye tabia tofauti vitembee pamoja, na kinachoshindwa ni kauri: huvumilia sana kukandamizwa, lakini ikivutwa au kupindwa hupasuka. Miguu yetu ni mitupu ndani. Tunapitisha bolti ndefu, tunaweka washa ya mpira kila mahali chuma kinapogusa kauri, tunakaza nati kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Mguu ukivunjika unafunguliwa na kuwekwa mwingine.

Kwenye viti ndiko hatujakubaliana. Mtu akiketi hujisukuma nyuma, hujigeuza, huinua miguu miwili ya mbele, na msukumo wa pembeni ndio adui wa kauri. Mimi nasema miguu iwe ya mbao, kikalio kiwe cha udongo. Yeye anataka miguu ya udongo, minene na mifupi, na tayari ameweka mmoja ukauke polepole chini ya plastiki.