Hitilafu zinazosubiri injini ipate joto

Gari la zamani linalotumika kwa mizunguko mifupi huweza kuficha ugonjwa wake kwa miaka, kwa sababu hitilafu zake nyingi hazijitokezi mpaka injini ipate joto na kukaa nalo saa mbili tatu. Gari lililoitika stata asubuhi na kutembea kilomita 10 bila kulalamika halijathibitisha lolote kuhusu kilomita 400. Kwa hiyo matengenezo yangu huisha wiki kadhaa kabla ya safari, ili nipate muda wa kulikimbiza gari mchana kutwa kwa mwendo uleule litakaokwenda nao, nikiwa bado mahali ambapo ni rahisi kuvutwa.

Vipuri vya moto, yaani platini inayokatakata umeme ili cheche itoke, kondensa inayoikinga platini isiungue, na rota na kifuniko cha distribyuta vinavyozigawia plagi cheche, navifunga vipya mapema, na vile vilivyotoka vikiwa bado vizima ndivyo ninavyoviweka akiba. Wengi hufanya kinyume, wakabeba vipya ndani ya pakiti, lakini kondensa mpya isiyojaribiwa inaweza kufa ndani ya saa ya kwanza. Mwanya wa platini, yaani nafasi kati ya ncha zake zinapofunguka, katika magari mengi ni takriban milimita 0.4, ingawa kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Pale kisigino cha platini kinapogusa kamu, nundu inayozunguka ndani ya distribyuta na kuifungua platini, panahitaji grisi kidogo sana. Pasipopakwa, kisigino huliwa, mwanya hupungua, moto huchelewa, na injini huanza kuchemsha huku dereva akiilaumu rejeta isiyo na kosa.

Rejeta nayo ina lugha yake. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, hewa ndiyo haitoshi, basi tazama feni, mkanda wake na ngao inayoielekeza hewa. Likiwa tulivu kwenye foleni lakini likachemsha kwenye mwendo wa kasi, shuku mirija ya rejeta iliyoziba kwa kutu, au mpira wa maji wa chini unaonyonywa ukajikunja pampu ya maji inapozunguka kwa nguvu. Mfuniko wa rejeta ni kitu kidogo kinachodharauliwa mno, ilhali shinikizo linaloshikiliwa nao ndilo linalozuia maji yasichemke mapema.

Ugonjwa unaosumbua kuliko yote ni wa gari linalozima likiwa moto, likapumzishwa nusu saa, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Hapa subira ni adui, kwa maana likishapoa ushahidi umepotea. Naanza na mfuniko wa tangi: ukifunguliwa ukavuta hewa kwa mluzi, tundu la kupumulia limeziba na pampu ya petroli ilikuwa ikivutana na tangi lisiloingiza hewa. Kisha natazama moto: plagi ya akiba inavalishwa waya mmoja, chuma chake kinalazwa juu ya injini, mbali na kabureta na mvuke wa petroli, na mwenzangu anapiga stata. Cheche nene ya buluu inauondolea lawama mfumo wa moto. Cheche ya njano iliyodhoofu, au isiyoonekana kabisa, inanipeleka kwenye kondensa na koili inayoukuza umeme wa cheche, ambazo zote hushindwa kwa joto. Moto ukiwa mzuri, naangalia kama petroli inafika kwenye kabureta. Isipofika, huenda imegeuka mvuke ndani ya bomba linalopita karibu na ekzosi, na kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu hutoa jibu ndani ya dakika chache. Dawa ya kudumu ni kulihamisha bomba au kulikinga.

Mipira ya petroli iangaliwe pia, kwani mafuta ya siku hizi yenye ethanoli huilainisha mipira ya zamani kwa ndani hata kama nje inang'aa. Vipande vyeusi kwenye filta ni onyo la kutosha. Matairi yasihukumiwe kwa kashata, yaani michongo inayokanyaga barabara, pekee. Tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi hilo nisingelipeleka popote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Nayabadilisha kila baada ya miaka 2, kwa kuwa yenye maji huchemka kwenye miteremko mirefu na pedali huzama.

Safarini, kila ninaposimama, nasogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kushoto na kulia hupaswa kulingana. Upande mmoja ukiunguza, nauinua kwa jeki na kulizungusha gurudumu: likiwa zito, breki imeng'ang'ania, likizunguka kwa urahisi lakini kwa mkwaruzo, ni beringi, na hapo safari inasubiri fundi.