Nilivyochagua Noah ya kupanda nayo Mlalo

Ukimwambia dalali wa Tanga kwamba unatafuta Noah, lile gari la familia la Toyota, atakuuliza kama unataka ya zamani au mpya, na kwake hapo maelezo yamekwisha. Ya 1998 ni ya zamani. Ya 2002 ni mpya, ya 2010 nayo ni mpya, hata kama injini zake hazifanani. Mimi nilikuwa na shida isiyotaka majibu ya aina hiyo. Tunaishi mjini, lakini kwetu ni upande wa Mlalo, juu ya Lushoto, na tukienda tunakwenda wote: mimi na mume wangu, watoto wanne, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Kupanda tunabeba mchele na ndoo za mafuta ya kupikia, kushuka tunabeba viazi, karoti na kabichi. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni lami, nyembamba, kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Ukiiacha lami kuelekea vijijini wakati wa masika, udongo mwekundu unateleza kama sabuni.

Kwa hiyo kila dalali aliyenipigia nilimwomba anisomee herufi za mwanzo za namba ya chesesi. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Lakini herufi hizo ndizo zinazosema umeletewa gari gani: SR40, SR50, CR40, AZR60, ZRR70. Rangi na rimu hazikwambii kitu.

Ukoo wenyewe ni mrefu. Toyota ilianza na LiteAce mwaka 1970, gari dogo la kazi, kisha TownAce mwaka 1976. Injini ilikuwa chini ya viti vya mbele na dereva amekaa karibu kabisa na kioo, miguu yake ikiwa ndiyo bampa. Oktoba 1996 ndipo jina Noah likaingia, TownAce Noah na LiteAce Noah, na mbele ikaongezwa pua fupi ili gari likigonga, kuwe na kitu cha kubonyea kabla ya magoti ya dereva. Ukifungua boneti hiyo usitegemee kuikuta injini. Bado iko chini ya viti, na nguvu inapelekwa matairi ya nyuma. Ya petroli ya lita 2.0, injini 3S-FE, ndiyo SR40. Inayovuta matairi yote manne ni SR50. Za dizeli zinaanza na CR.

Mwaka huohuo wa 1996 Honda ilitoa Stepwgn, injini mbele, matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, sakafu chini na bapa. Familia za Kijapani zikaipenda. Toyota ikajibu Novemba 2001 kwa Noah mpya kabisa na pacha wake Voxy. Injini ikahamia mbele, uvutaji ukahamia mbele, sakafu ikashuka, na mlango wa kusukuma ukawekwa pande zote mbili badala ya kushoto tu. Hiyo ndiyo AZR60, na kwa maoni yangu hakuna badiliko kubwa kuliko hilo katika ukoo wote. Ya 2007, ZRR70, iliendeleza njia ileile kwa injini 3ZR. Ya 2014 ilishusha sakafu zaidi na kuleta haibridi, na ya 2022 ikapanuliwa hadi milimita 1,730. Hizi mbili za mwisho nilizipita haraka, mfuko haukuruhusu.

Upana usiudharau. Japani gari likizidi milimita 1,700 kwa upana au cc 2,000 kwa injini linapanda daraja la usajili, ndiyo maana Noah nyingi kwa miaka mingi zilikomea milimita 1,695. Wajapani walikuwa wanakwepa daraja hilo, sisi tunafaidi kwenye kona za Soni, njiani kati ya Mombo na Lushoto, unapokutana na basi linaloshuka.

AZR60 ndiyo niliyoijaribu kwanza, maana mama aliipenda: alifungua mlango, akainua mguu kidogo tu, akakaa. Mzee mmoja fundi ninayemwamini alinishusha moyo. Injini yake, 1AZ-FSE, ni ya D-4, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, kwa hiyo masizi yanajijenga juu yake, na pampu ya presha haivumilii mafuta machafu. "Dada, huko juu mafuta ukikwama unanunua ya kwenye dumu," akaniambia. "Hii usiinyweshe ya dumu." Halafu kuna mlima. Gari likijaa watu na mizigo nyuma, na pua ikielekea juu, uzito unakimbilia nyuma na matairi ya mbele yanabaki mepesi. Kwenye matope ndiyo hayohayo ya mbele unayoyategemea yavute. Gari linaloendeshwa na matairi ya nyuma linafanya kinyume: kadiri unavyolipakia kwa kiasi, ndivyo linavyoshika ardhi.

Nikaamua kutafuta SR50, ile ya zamani inayovuta matairi yote manne. Jamaa zangu walisema narudi nyuma. Nikawaambia twende wote masika tuone nani anarudi nyuma, kwa maana halisi.

Niliyoipata ilikuwa Korogwe, kwa mtu aliyekuwa akiiendesha mwenyewe. Nilifika asubuhi mapema bila kumpigia simu kwanza, nikainama na kuweka kiganja sakafuni chini ya kiti cha dereva. Pakiwa na joto, basi mwenye gari ameshaliwasha kabla hujaja, na utakachosikia ukiwasha si mlio wa injini iliyolala. Palikuwa baridi. Fundi akalaza viti, akafungua kifuniko, na tukaiangalia ikiwaka. Aliinusa kabla ya kuishika. Gasketi ya kifuniko cha vali ikivuja kwenye gari hili, oili inadondokea kwenye bomba la moshi na harufu inapanda hadi kwenye viti. Kulikuwa na mvujo kidogo, tukaupunguzia bei.

Kilichonishughulisha zaidi ni maji. Rejeta iko mbele, injini iko katikati, na mabomba ya maji ni marefu. Ukimwaga maji yote na kujaza upya bila kutoa hewa, hewa inanaswa njiani na gari linachemsha katikati ya mlima huku geji ikikudanganya mwanzoni. Tulibadilisha mabomba yote, kifuniko cha rejeta na thamostati kabla ya safari yoyote, tukatumia kuleni, yale maji maalumu ya rejeta, na si maji ya bomba, na fundi akatoa hewa taratibu huku injini ikiwaka. Mkanda wa taimingi tuliubadilisha siku hiyohiyo, pamoja na pampu ya maji. 3S-FE inatumia mkanda, si cheni kama hizo zilizofuata, na kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi ya gari la umri huu mimi sizisomi kabisa.

Kwa mama, fundi wa kuchomelea alinitengenezea ngazi ya bomba la chuma chini ya mlango, na kishikio kikafungwa kwenye nguzo ya ndani. Anapanda polepole, mkono mmoja kwenye kishikio, mwingine begani kwa mjukuu mkubwa. Kwamba mlango wa kusukuma uko kushoto tu, watu wanauona ni upungufu. Mimi naufurahia: watoto hawana pa kushukia isipokuwa pembeni mwa barabara.

Ina kero zake. Joto la injini linapanda kwenye viti vya mbele mchana wa Tanga, na mafuta inakunywa kuliko ya mdogo wangu. Ila spea zake zipo kila gereji, na masika tumepanda ikiwa imejaa, gia ya chini, bila kushusha abiria.

Huyo mdogo wangu anakaa Dar es Salaam na hana safari za matope. Nilimwambia aende moja kwa moja kwenye ZRR70: haina D-4, ina cheni, sakafu iko chini, mafuta inakula kidogo, mradi giaboksi yake ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, asiruhusu mtu aiwekee oili ya giaboksi ya kawaida. Amenunua, na ameridhika nayo kabisa. Akija kwetu masika anaiegesha Lushoto mjini, anahamia kwangu, na ananilaumu njia nzima kwamba kiti kinamuunguza.