Siku ya 14, hesabu ikaanza upya
Machi 2020 nilitua Nairobi kutoka Dubai, siku mbili kabla ya ndege za abiria za kimataifa kusitishwa. Tukapakiwa basi hadi bweni la chuo kimoja. Karantini siku 14, na kila mtu ajilipie: shilingi 2,000 kwa siku.

Wiki ya kwanza tulitii kuliko watoto wa bweni wenyewe. Barakoa hadi usingizini! Lakini bafu lilikuwa moja kwa korido nzima, na foleni ya chai ni bega kwa bega. Hapo watu wakaanza kuulizana, hivi tunamkinga nani?

Siku ya 14 tukaambiwa mmoja wetu amepatikana na virusi, tuanze kuhesabu upya. Bili nayo iendelee. Usiku huo mama wa chumba jirani alifunga kamba za viatu vyake pamoja, akavitundika shingoni, akaparamia ukuta. Alikuwa ameacha watoto wawili kwa jirani, na simu ya huyo jirani haikupatikana tangu asubuhi. Sikumzuia. Nilimshikia begi, Mungu anisamehe.

Mimi nilibaki, na wala si kwa uzalendo. Sikuwa na mtoto, mshahara ulikuwa bado unaingia, na kaka alinitumia M-Pesa kila nilipoishiwa. Ukiwa hivyo, kutii ni rahisi mno.

Mei, serikali ikatangaza kwamba itawagharamia yenyewe walio kwenye vituo vyake. Mimi nilikuwa nishalipa 56,000.