"Abiria Wangu Yuaja kwa Miguu"

Leo tumelala Mtwapa, kwa shangazi yake mume wangu, na naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Safari yetu ya kutoka Ukunda kwenda Malindi imevuka kisiwa kizima cha Mombasa tangu alfajiri. Kwa umbali si siku kubwa, haifiki kilomita 25, lakini nina mengi ya kusema juu yake.

Utaratibu haujabadilika: mimi natembea, mume wangu anatangulia na tuktuk yetu, ananingoja pale tulipokubaliana. Mwanzoni alikuwa akinifuata nyuma polepole, ila mlio wa injini ulinitia haraka, na wenye matatu walikuwa wakimpigia honi kila dakika. Kutangulia ni afadhali.

Likoni tuliagana kwenye feri. Waenda kwa miguu hatulipi, tuktuk hulipa na ina foleni yake, kwa hiyo nilivuka kabla yake, nimebanwa katikati ya watu wanaowahi kazini. Kusi lilikuwa limeshaamka. Tuliuchagua msimu huu makusudi: anayekwenda Malindi wakati wa kusi hupulizwa mgongoni, kama yalivyopandishwa majahazi enzi hizo. Nilipofika Digo Road shati lilikuwa halijalowa. Marikiti walikuwa ndio kwanza wanafungua magunia, na harufu ya iliki ilinifuata mpaka karibu na Bondeni.

Buxton ndiko nilikolisikia neno lililonikaa siku nzima. Mume wangu alikuwa ameegesha pembeni, mahamri na mbaazi yamefunikwa kwenye kiti cha nyuma. Mama mmoja mwenye vikapu viwili akamuuliza, "Kongowea ngapi, baba?" Akamjibu, "Samahani mama, nina abiria wangu, yuaja kwa miguu." Yule mama akageuka, akaniona nakuja na kofia yangu ya ukindu, akatutazama sote wawili, kisha akacheka na kusimamisha tuktuk nyingine.

Tuktuk hii ndiyo riziki ya nyumba yetu. Buxton asubuhi dereva hakai dakika mbili bila mteja, na yeye alikaa pale akikataa pesa mmoja baada ya mwingine, ili nikifika nikute chai ingali ya moto. Ndugu na marafiki wanapiga simu kila jioni kuuliza miguu yangu inaendeleaje. Sijasikia hata mmoja akiuliza habari za aliyekaa kwenye jua akiitazama barabara. Mimi mtembeaji nina raha zangu: mwili una kazi, macho yanaona mapya, saa zinakwenda. Anayengoja hana hayo. Hajui kama niko nyuma ya kona au nimegongwa na lori, na Barabara ya Malindi ina sehemu ambazo mtembea kwa miguu anagawana ukingo na bodaboda. Hilo analibeba yeye peke yake, na hajawahi kunifungulia mlango wa tuktuk kwa uso wa kulalamika.

Daraja la Nyali nililivuka kwa furaha, upepo mtupu na maji chini. Kongowea niliipita haraka, soko limejaa. Kengeleni nilisimama mbele ya ile kengele. Hapa ndipo Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilikuwa ya kuwaonya hatari ya kutekwa tena ikikaribia. Nimepita hapo maisha yangu yote ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Leo niliweza kusimama kadiri nilivyotaka, na nilisimama.

Baada ya Bombolulu kisigino cha kushoto kilianza kuwaka. Tulikuwa tumepanga kukutana Bamburi, naye alipata kivuli cha mivinje. Upande ule mivinje ina historia yake: René Haller alianza kuipanda mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu, na leo ni msitu. Mume wangu hakuniuliza kama nimechoka. Hiyo huwa haulizi, hutazama viatu kwanza. Akakaa chini, akaupakata mguu wangu, akalikausha lengelenge kwa ncha ya leso, akabandika plasta na kuilainisha kwa kidole gumba pole pole mpaka ukingo wote ukalala. Mkunjo mmoja tu wa plasta, ukitembea nao kilomita 5, unakuwa kidonda. Kisha akanipa dafu. "Kunywa, halafu ukombe. Usiache kitu humo."

Shanzu sikumbuki mengi, nilikuwa natazama chini na kuhesabu pumzi. Daraja la Mtwapa nilifika jua likiwa bado juu kidogo. Huku ni Kaunti ya Mombasa, ng'ambo ni Kilifi. Alikuwa amesimama nje ya tuktuk, mkono umekinga macho, na aliponiona bega lake likashuka. Nililiona kwa mbali, lile bega likishuka.

Mpaka leo vituo tulikuwa tunavipanga kwa kilomita zangu. Usiku huu nimemwambia vya kesho achague yeye, kwa kivuli, maji, na mahali penye watu wa kuzungumza nao. Hakufikiri sana. Kwanza Majengo ya Kanamai, ana rafiki yake wa stendi pale. Halafu Kikambala. Halafu, kama kisigino kitakubali, Vipingo.