Jumatatu Iliyokataa Kupangika

Mwaka 2015 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, Dar es Salaam, na mradi wangu ulikuwa kupanga ratiba ya mitihani ya vitendo kwa solva ya SAT, programu ya kutatua masharti ya kimantiki. Ratiba yote unaivunja kuwa maswali ya kweli na si kweli: kundi hili litakuwa maabara ile asubuhi? Masharti unayaandika kama klozi, yaani kauli za "hili au lile" ambamo angalau moja lazima litimie, halafu solva inatafuta majibu yanayoziridhisha zote kwa pamoja. Nilitumia MiniSat, kazi ya Niklas Eén na Niklas Sörensson wa Sweden. Jumanne hadi Ijumaa ilizipanga papo hapo. Jumatatu ikagoma.

Feni ya kompyuta ilivuma usiku kucha. Jedwali kwenye skrini lilirefuka mstari baada ya mstari, idadi ya migongano, yaani mara solva ilipokwama kwa majibu yanayopingana, ikizidi kupanda, lakini safu ya mwisho, ya maendeleo, haikufika hata asilimia moja.

Asubuhi nikaibeba kompyuta hadi kwa msimamizi wangu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Jumatatu bado?"

Hakuuliza habari ya kasi ya mashine. Alitaka tufute masharti, moja moja, tuone ni lipi likiondoka solva inafunguka. Tukafuta ya walimu, ya vifaa, ya wanaorudia mtihani. Mwishowe yakabaki makundi 13 ambayo idara zilitaka yote yafanye asubuhi, na maabara 12, kila moja ya kundi moja tu. Vigeu 156, yaani yale maswali ya kweli na si kweli, na klozi 949, basi. Mtoto wa darasa la pili angekwambia haiwezekani, na solva bado inahangaika.

Nilishangaa kweli. MiniSat ni ya ukoo wa GRASP, solva ya João Marques-Silva na Karem Sakallah ya mwaka 1996: ikipata mgongano inachunguza chanzo chake, inajifunza klozi mpya, kisha inarudi nyuma hadi pale penye tatizo. Njia hiyo ndiyo iliyozipa solva nguvu tunayoijua.

"Inajifunza, ndiyo," Dokta akasema. "Ila kila inachojifunza ni klozi, na kila klozi inatokana na risolusheni, kanuni ya kuunganisha klozi mbili zikazaa ya tatu. Risolusheni haijui kuhesabu."

Akanieleza kuwa Armin Haken alithibitisha mwaka 1985 kwamba kwa tatizo hili la njiwa wengi kuliko matundu (makundi ni njiwa, maabara ni matundu), uthibitisho wa risolusheni unarefuka kwa kasi ya kutisha kila unapoongeza njiwa. Hata ungechagua vigeu kwa ustadi gani, njia fupi haipo.

Kisha akachukua chaki. Maabara moja, makundi matatu: a, b na c. Klozi zangu zilikataza a na b kukaa pamoja, a na c, b na c. Akaziandika kihesabu: a + b ≤ 1, a + c ≤ 1, b + c ≤ 1. Akajumlisha: 2a + 2b + 2c ≤ 3. Akagawa kwa mbili, upande wa kulia ukawa moja na nusu.

"Nusu ya kundi ipo?"

"Haipo, Dokta."

Akaifuta nusu. a + b + c ≤ 1. Nilisimama nikiutazama ule mstari nisiweze hata kukaa. Hatua ndogo vile, kugawa na kufuta sehemu, na yale yote yaliyoishinda mashine usiku mzima yakawa mepesi.

Tukahamia Sat4j, solva ya timu ya Daniel Le Berre kule Lens, Ufaransa, ambayo inaweza kufikiri kwa hesabu za namna hiyo. Tulipoipa klozi zilezile, nayo ikakwama. Nikaandika upya: kila kundi angalau maabara moja, kila maabara kundi moja tu. Ukijumlisha unapata 13 ≤ 12. Jibu lilitoka kabla sijainua kidole: haiwezekani. Kundi moja likahamishiwa mchana, na ratiba ikabandikwa.

Mimi nilibaki na swali: kwa nini niandike upya mimi, na klozi zenyewe zinazo hizo jumla, kama a + b + c ≤ 1, ndani yake? Dokta alinipa makala ya mwaka 2014 ya Biere, Le Berre, Lonca na Manthey kuhusu kuzigundua jumla zilizofichika kwenye klozi. Niliisoma kwenye daladala hadi nikapitiliza kituo. Wiki hiyohiyo nikaomba kubadilisha mada ya mradi, kutoka kupanga ratiba hadi kuzitafuta jumla hizo, naye akasaini fomu.