Presha ya Mjomba

Kwenye kiwanda cha korosho nilichofanyia kazi Mtwara, mashine za kubangulia zilikuwa upande mmoja, boila upande wa pili, na juu bati tupu linalorudisha kelele zote chini. Ukitaka kusema na mtu, unamsogelea sikioni. Msimu ukichanganya tulitoka giza limeshaingia.

Fundi wa mashine tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote pale. Masikioni alijaza sufi aliyoichomoa kwenye mto, nayo ilishakuwa nyeusi kwa mafuta ya maganda.

Siku moja watu wa afya walikuja kutupima. Presha ya Mjomba ikasoma 178 kwa 106. Daktari akamwambia akae apumzike, akampima tena; bado iko juu. Akamuuliza kuhusu sigara, chumvi, na kama kwao wana presha. Kisha akasema, "Na kazi yako hasa ni ipi, mzee wangu?" Mjomba akaendelea kumweleza habari za chumvi. Hakuwa amesikia.

Hapo daktari akaacha kuandika. Alituambia kelele haiishii masikioni. Mwili unaichukulia kama hatari: homoni za adrenalini na kotisoli zinapanda, mishipa inabana, moyo unaenda mbio. Ikiwa hivyo kila siku kwa miaka, presha inaweza kupanda na isishuke, na hapo mshtuko wa moyo na kiharusi viko jirani. Kelele hupimwa kwa desibeli; kipimo cha kuanza kuogopa ni desibeli 85 kwa saa 8, na zikizidi 3 tu, nguvu ya sauti imeshakuwa maradufu. Sufi, alisema, inapunguza kidogo sana. Hakusema presha ile yote ni ya mashine. Alisema mashine imo.

Niliumia sana. Glovu tulipewa, kwa sababu mafuta ya korosho yanachoma na kidonda kinaonekana. Masikio yetu hayakuwa na kitu, na moyo hakuna aliyeufikiria kabisa.

Mjomba alipewa dawa na kushauriwa ahamie kwenye kuchambua. Akakataa. Wachambuaji walilipwa kwa kilo, na yeye alikuwa na watoto shuleni. Badala yake tuliandika barua ya kuomba vizibo vya masikio, tukaipeleka ofisini kwa pamoja. Vilikuja msimu uliofuata, havikutosha. Mjomba alipata, vijana wa boila hawakupata.