Dakika Tano za Kukaa Kitini

Nilistaafu uuguzi nilipofikisha miaka 60, umri uliowekwa kwa watumishi wa umma hapa Kenya, na tangu hapo wengi wameniuliza kwa nini Jumamosi ninakwenda ukumbi wa kanisa mtaani Jericho kuwapima watu presha bila malipo, ilhali mgongo wangu wenyewe unalalamika. Huwajibu kwamba kazi hii ya kujitolea imenipa kitu ambacho wodi haikuwahi kunipa, yaani muda.

Presha haipimwi kwa haraka. Anayepimwa anapaswa kwanza kwenda haja ndogo, kisha akae kwa dakika 5 akiwa ameegemea kiti, miguu imekanyaga sakafu bila kupishana, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, na asizungumze. Tena ukanda unaofungwa mkononi ukiwa mdogo kuliko mkono wake, namba hupanda kwa uongo. Katika kliniki ambayo foleni yake inafika langoni, ni muuguzi gani atakayempa kila mgonjwa dakika hizo? Mama aliyeteremka matatu na kuja mbio asije akakosa nafasi hupimwa akiwa bado anahema, na 150 ikaandikwa kitabuni mwake kana kwamba ndiyo yake ya kila siku. Kwetu anakaa, anapimwa mara mbili, na hata akizidi 140 kwa 90 hatumtangazii ugonjwa papo hapo, bali tunamwandikia vipimo vyote viwili avipeleke kituo cha afya.

Dawa siandiki, hata nikibembelezwa vipi. Leseni yangu ya Baraza la Wauguzi bado ninaihuisha, kwa kuwa kustaafu kuliniondoa kwenye orodha ya mishahara tu, na anayehudumiwa bure ana haki zilezile za mgonjwa anayelipa.

Wanaoongoza shughuli yenyewe ni wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali ilianza kuwagawia mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari mwaka 2023. Wao ndio wanaojua ni nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutoka nje. Mimi niliyezoea kupanga zamu za wengine sasa ninapangiwa pa kukaa, jambo ambalo, kusema kweli, lilinikera kidogo mwanzoni. Kijana mmoja kati yao hupenda kuniambia, "Sista, watu wamekuwa wengi, tupunguze ziwe dakika 2," nami humwambia aongeze viti.